Baridi Ile Ilikuwa Kali Kweli? Mwongozo wa Kuyapima Majira kwa Takwimu

Mtu akikwambia kwamba baridi ya mwaka fulani haijawahi kuonekana, muulize maswali matatu: wapi, miezi ipi, na ukilinganisha na miaka ipi? Wengi hukwama hapo. Si kwamba wanadanganya. Kumbukumbu ya mtu hushika siku, haishiki majira. Hukumbuka asubuhi bomba lilipoganda, lakini husahau wiki tatu za hali ya kawaida zilizofuata. Vivyo hivyo kwa ukame: tunakumbuka nyasi zilizokauka mwezi wa nane, tunasahau kwamba mwezi wa sita mvua ilinyesha vizuri.

Takwimu za hali ya hewa hazina upendeleo huo, nazo siku hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye simu au kompyuta na intaneti. Mwanafunzi wa historia anayeandika kuhusu Uingereza ya mwaka 1947, ilipokosa makaa ya mawe katikati ya theluji, anaweza kuona kwa macho yake baridi ile ilikuwa ya kiasi gani. Mwandishi wa habari anaweza kupima kauli ya mwanasiasa kabla ya kuichapisha. Na mkulima anayebishana na kampuni ya bima kuhusu msimu uliokauka anaweza kwenda mezani na namba zake mwenyewe.

Mwongozo huu unakufundisha kutafuta mambo mawili: majira ya baridi yaliyokuwa makali kupita kawaida, na majira ya joto yaliyokuwa makavu kupita kawaida. Tutajifunzia kwa takwimu za Uingereza, kisha nitaonyesha unachopaswa kubadilisha ukizileta mbinu hizi Afrika Mashariki.

Kwa nini tuanzie Uingereza

Kwa sababu moja kubwa: hakuna mahali pengine duniani penye mfululizo mrefu zaidi wa halijoto ya kila mwezi uliosomwa kwenye vipimajoto. Mfululizo huo huitwa CET, yaani halijoto ya Uingereza ya Kati, na unaanza mwaka 1659. Aliyeukusanya ni Gordon Manley, mtaalamu wa jiografia, aliyetumia miaka mingi kuunganisha shajara, daftari za vituo na rekodi za watu binafsi. Alichapisha kazi yake mwaka 1953 na kuikamilisha mwaka 1974. Leo unatunzwa na Kituo cha Hadley cha Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, na unawakilisha eneo la pembetatu kati ya Lancashire, London na Bristol.

Kwa upande wa mvua upo mfululizo mwingine, EWP, unaojumlisha mvua ya England na Wales kwa kila mwezi tangu 1766. Yote miwili inapakuliwa bure kama faili la maandishi matupu: mstari mmoja kwa kila mwaka, na safu kumi na mbili za miezi.

Utakachohitaji

- Kompyuta au simu yenye programu ya lahajedwali (Excel, LibreOffice au nyingine yoyote).
- Faili la CET la kila mwezi na faili la EWP la kila mwezi, kutoka tovuti ya Kituo cha Hadley.
- Daftari la kuandikia kila uamuzi unaoufanya. Usilidharau hili, baada ya mwezi mmoja utakuwa umesahau ulichagua miaka ipi na kwa nini.

SEHEMU YA KWANZA: KUITAFUTA BARIDI KALI

Hatua ya 1. Ingiza faili na ulikague kabla ya kuhesabu chochote

Weka mwaka kwenye safu A, Januari kwenye B, na uendelee hadi Desemba kwenye M. Mstari wa 1 uwe wa vichwa, mwaka 1659 ukae mstari wa 2. Kwa mpangilio huo mwaka 1963 utaangukia mstari wa 306.

Sasa shuka hadi chini kabisa. Mwaka ambao haujaisha utakuta miezi iliyobaki imejazwa -99.9. Hiyo si halijoto, ni alama ya kusema "hakuna takwimu". Ifute na uache seli tupu. Usipofanya hivyo, lahajedwali itaihesabu kama baridi ya kutisha na kukupa ushindi wa uongo. Mafaili mengine ya dunia hutumia -9999 kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo soma maelezo ya juu ya kila faili unalopakua.

Hatua ya 2. Jenga majira, na uwe mwangalifu na Desemba

Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu majira ya baridi ya kaskazini mwa dunia kuwa Desemba, Januari na Februari. Miezi hiyo mitatu inavuka mwaka. Majira ya baridi yanayoitwa ya 1963 yana Desemba ya 1962 ndani yake. Basi kwenye safu P, mstari wa 306, andika:

=AVERAGE(M305,B306,C306)

Yaani Desemba kutoka mstari wa juu, Januari na Februari kutoka mstari wenyewe. Nakili fomula hiyo kuanzia mstari wa 3 hadi mwisho. Mstari wa 2 hauna majira ya baridi kwa sababu Desemba ya 1658 haimo.

Jaribu jedwali lako hapo hapo. Desemba 1962 ilikuwa nyuzi 1.8, Januari 1963 nyuzi -2.1, Februari nyuzi -0.7. Wastani wake ni -0.3. Ukipata tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi usihangaike: toleo jipya la CET limerekebisha baadhi ya miezi kidogo, nami hapa natumia namba za toleo lililotumika kwa miaka mingi. Ukipata tofauti kubwa kuliko hiyo, fomula yako imeshika mstari usio wake.

> KISANDUKU: KOSA LA DESEMBA
>
> Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linastahili kutazamwa kwa karibu.
>
> Chukua mwaka 2010. Januari yake ilikuwa nyuzi 1.4, Februari 2.8, na Desemba -0.7. Mtu asiyejua huchukua miezi mitatu ya mstari mmoja, anagawa, anapata karibu nyuzi 1.2. Kwa namba hiyo mwaka 2010 unakuwa na baridi kali kuliko 1978–79, iliyokuwa nyuzi 1.6, na unakaribia kabisa ile ya 1946–47, iliyokuwa 1.1. Kichwa cha habari kimepatikana.
>
> Lakini majira hayo hayakuwahi kuwapo. Januari na Februari 2010 ni mkia wa baridi iliyoanza Desemba 2009. Ukizipanga vizuri unapata nyuzi 2.4. Desemba 2010 ni kichwa cha baridi nyingine, ambayo Januari yake ilipanda hadi 3.7 na Februari hadi 6.4, wastani wake ni 3.1. Majira mawili tofauti yameshonwa yakawa moja, na kati ya vipande vyake kuna miezi tisa ya mvua, jua na mavuno.

Hatua ya 3. Chagua kipindi cha rejea

Namba moja haisemi kitu mpaka uilinganishe. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, hutumia miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991–2020. Kwa kupima mabadiliko ya muda mrefu, 1961–1990 bado kinatumika pia.

Uchaguzi huu una uzito. Wastani wa majira ya baridi ya CET kwa 1961–1990 ni karibu nyuzi 4.1. Kwa 1991–2020 umepanda kwa zaidi ya nusu nyuzi, ukakaribia 4.8. Kwa hiyo baridi ya 2009–10, yenye nyuzi 2.4, iko chini ya kawaida ya zamani kwa nyuzi 1.7, lakini iko chini ya kawaida ya sasa kwa nyuzi 2.4. Majira ni yaleyale, kipimo ndicho kilichosogea.

Kipindi kipi ni sahihi? Inategemea swali. Ukiuliza kama vijana wa leo waliona jambo geni, tumia kipindi cha sasa. Ukiuliza kama jambo hilo ni geni kwa nchi yenyewe, tumia mfululizo wote. Mimi hupendelea kuandika majibu yote mawili kando kwa kando, maana anayetoa moja tu huwa ameshaamua anachotaka msomaji aamini.

Kwenye jedwali lako, 1961–1990 iko mistari ya 304 hadi 333, na 1991–2020 iko 334 hadi 363. Wastani ni =AVERAGE(P304:P333), na cha pili vivyo hivyo.

Hatua ya 4. Toa tofauti, kisha panga nafasi

1. Kwenye safu Q toa wastani wa rejea kutoka kila majira. Namba hasi ni baridi kuliko kawaida.
2. Kwenye safu R panga nafasi, baridi kuliko zote ikiwa ya kwanza. Kwa mstari wa 306: =RANK(P306,P$3:P$370,1). Badilisha 370 iwe mstari wako wa mwisho.
3. Hesabu mkengeuko sanifu wa kipindi cha rejea: =STDEV(P304:P333). Kwa majira ya baridi ya CET kwa kawaida hutoka nyuzi moja na kitu.
4. Gawa kila tofauti kwa mkengeuko huo. Jibu linakwambia majira yamesimama mbali kiasi gani na kawaida, kwa kipimo kinachoweza kulinganishwa na mahali pengine.

Ukifanya hivyo, majira matatu yatajitokeza juu ya orodha. Ya kwanza ni 1683–84, nyuzi -1.2, wakati mto Thames ulipoganda London na watu wakafungua maduka juu ya barafu. Ya pili ni 1739–40, nyuzi -0.4. Ya tatu ni 1962–63, nyuzi -0.3. Angalia umbali wa miaka kati ya ya pili na ya tatu, ndipo utaelewa kwa nini Waingereza waliokuwa watu wazima mwaka 1963 hawakuacha kuisimulia.

Hatua ya 5. Weka mpaka wa neno "isiyo ya kawaida" kabla hujaangalia majibu

Huu ni uaminifu zaidi kuliko hesabu. Ukisubiri uone namba ndipo uweke mpaka, utauweka pale unapopendelea. Mimi natumia mipaka hii, nawe unaweza kuichukua:

- Baridi isiyo ya kawaida: iko ndani ya sehemu ya kumi ya chini ya kipindi cha rejea, yaani majira matatu ya baridi zaidi katika 30.
- Baridi ya nadra: iko chini ya majira yote ya kipindi cha rejea, au mkengeuko sanifu mara mbili na zaidi chini ya wastani.
- Mengineyo: iite baridi ya kawaida, hata kama ilikuuma.

Hatua ya 6. Fungua wastani uone kilichofichwa

Wastani wa miezi mitatu unaweza kumeza mwezi wa ajabu. Desemba 2010 ilikuwa miongoni mwa Desemba za baridi kali kabisa katika mfululizo wote. Ya mwaka 1890 tu, yenye nyuzi -0.8, ndiyo iliyoizidi. Lakini majira yake kwa jumla hayakufika hata kwenye orodha ya nadra. Kinyume chake, Februari 1947 ilishuka hadi -1.9 baada ya Desemba na Januari ambazo hazikutisha, na ndiyo iliyobeba jina la baridi nzima ya mwaka ule.

Kwa hiyo usitoe hukumu ya majira bila kuangalia kila mwezi peke yake. Ukitaka kwenda mbali zaidi, CET ina faili la halijoto ya chini na ya juu ya kila siku tangu 1878. Hesabu siku ambazo kiwango cha chini kilishuka chini ya sifuri. Kwa mkulima wa viazi au fundi bomba, idadi ya siku za kuganda ina maana kuliko wastani wowote.

> TAHADHARI KUHUSU MIAKA YA MWANZO
>
> - Hadi karibu 1670 namba zimekadiriwa kwa nyuzi nzima, na kwa miaka mingi iliyofuata kwa nusu nyuzi. Usidai tofauti ya sehemu ya kumi kati ya majira mawili ya karne ya 17.
> - Kati ya 1707 na 1722 Manley alilazimika kuegemea takwimu za Utrecht, Uholanzi, kwa kukosa za nyumbani.
> - Vipimajoto vya zamani vilitundikwa mara nyingi ndani ya chumba kisicho na moto. Kibanda cheupe chenye pande za vibao, kilichobuniwa na Thomas Stevenson, kilienea baada ya miaka ya 1860 tu.
> - Ukilinganisha na shajara, kumbuka kwamba hadi 1752 England ilitumia kalenda ya zamani, na mwaka ulianza tarehe 25 Machi. "Januari 1683" ya mwandishi wa wakati ule kwetu ni Januari 1684. Ongeza pia siku 10 kwenye tarehe za karne ya 17, na 11 kwa za karne ya 18.

SEHEMU YA PILI: KUYATAFUTA MAJIRA MAKAVU

Hapa wengi hukosea tangu mwanzo kwa kuchukulia mvua kama halijoto. Halijoto hupanda na kushuka kwa usawa kuzunguka wastani. Mvua haiwezi kushuka chini ya sifuri, lakini inaweza kupanda sana, hivyo miezi michache ya mafuriko huvuta wastani juu na kufanya miezi mingi ionekane mikavu. Ndiyo maana kwa mvua tunategemea nafasi na asilimia, si mkengeuko sanifu.

1. Ingiza faili la EWP kama ulivyofanya kwa CET.
2. Jumlisha Juni, Julai na Agosti. Usitafute wastani wake. Hapa hakuna tatizo la kuvuka mwaka.
3. Tafuta wastani wa kipindi cha rejea. Kwa England na Wales majira ya joto hupata karibu milimita 200.
4. Gawa kila majira kwa wastani huo, uzidishe kwa 100.
5. Panga nafasi, kavu kuliko yote ikiwa ya kwanza.

Juu kabisa utakuta 1995, karibu milimita 67, yaani theluthi moja tu ya kawaida. Agosti pekee haikufika milimita 10. Jirani yake ni 1976, karibu milimita 74.

Sasa simama hapa, maana hapa ndipo takwimu zinapohitaji akili ya mtu. Muulize Mwingereza yeyote aliyeishi nyakati zote mbili ukame mkubwa ulikuwa upi. Wengi watakwambia 1976. Bunge lilipitisha Sheria ya Ukame mwezi Agosti mwaka huo, na Denis Howell akapewa kazi ya kuwa Waziri wa Ukame. Sehemu za Wales na Devon watu walipanga foleni kwenye mabomba ya barabarani. Kwa nini, ikiwa 1995 ndiyo ilikuwa kavu zaidi?

Jibu liko nje ya miezi mitatu uliyoijumlisha. Ukame wa 1976 ulianza Mei 1975. Mvua za majira ya baridi, ambazo ndizo zinazojaza maji ya ardhini Uingereza, zilishindwa. Majira ya joto yalipofika, akiba ilikuwa imekwisha. Mwaka 1995 ulitanguliwa na majira ya baridi yenye mvua nyingi mno, kwa hiyo visima vya kusini viliingia kiangazi vikiwa vimejaa. Waliopata shida kubwa ni West Yorkshire, eneo linalotegemea mabwawa ya juu ya ardhi, ambako maji yalisafirishwa kwa malori.

Kwa hiyo ongeza hatua hizi mbili:

6. Jumlisha pia miezi 12 na miezi 16 inayoishia Agosti ya kila mwaka, na uzipange nafasi. Mei 1975 hadi Agosti 1976 itakuja juu.
7. Eleza unapima ukame wa nani. Bustani hukauka kwa wiki chache, mahindi kwa mwezi mmoja au miwili, bwawa kwa msimu, na maji ya ardhini kwa mwaka na zaidi.

Wataalamu wana kipimo kinachofanya kazi hii kwa fomula moja. Ni kielezo sanifu cha mvua, SPI, kilichobuniwa Colorado mwaka 1993 na McKee na wenzake. Unaweza kukihesabu kwa mwezi mmoja, mitatu, 12 au zaidi. Kuanzia -1 ni ukavu wa wastani, kuanzia -1.5 ni mkali, na -2 kushuka chini ni wa kupindukia. Programu za bure zipo, lakini jifunze kwanza njia ya nafasi na asilimia ili ujue kielezo kinakwambia nini.

Neno moja kuhusu joto: usichukulie kwamba majira ya joto kali ni makavu. Mwaka 1976 yalikwenda pamoja, wastani wa CET ukifika nyuzi 17.8, lakini hilo si kanuni. Panga majedwali mawili mbalimbali, kisha utafute miaka inayoonekana kwenye yote mawili.

SEHEMU YA TATU: UKIILETA MBINU HII NYUMBANI

Hesabu hazibadiliki. Kinachobadilika ni miezi, takwimu na mitego.

Miezi. Desemba hadi Februari ni joto Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Baridi ya kwetu ni Juni hadi Agosti, nayo huuma Njombe, Makete, Mbeya, Limuru na Nyandarua, ambako sakitu huunguza viazi na chai. Ukitumia faili la "majira ya baridi" lililoandaliwa Ulaya, utakuwa unapima kipindi chetu cha jua kali.

Kwa mvua, gawa kwa msimu wa mahali pako. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Lakini Dodoma, Mbeya, Ruvuma na sehemu nyingine zenye msimu mmoja, mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Umeliona? Kosa la Desemba limetufuata hadi kwetu. Msimu wa 2019/20 lazima uchukue Novemba na Desemba kutoka mstari wa 2019, na miezi minne kutoka mstari wa 2020.

Takwimu. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ndivyo vyenye vipimo halisi, na inafaa kuanza kwa kuwaandikia rasmi. Eleza kama wewe ni mwanafunzi au mtafiti, na uliza gharama. Kwa mvua iko pia CHIRPS, inayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo, tangu 1981, kwa miraba ya karibu kilomita 5, bila malipo. Kwa halijoto iko ERA5 ya Ulaya, kuanzia 1940.

Mitego. CHIRPS inaanza 1981, kwa hiyo ukiandika "ukame mbaya kuliko wote katika historia" unasema jambo ambalo takwimu zako hazilijui; sema "tangu 1981". ERA5 ina miraba mikubwa ya karibu kilomita 30. Mraba mmoja unaweza kubeba kilele cha mlima na bonde lake kwa pamoja, nao utakupa halijoto ambayo haipo kileleni wala bondeni. Kwa sakitu ya shamba fulani, kipimajoto cha kituo cha jirani ni bora kuliko setilaiti yoyote.

Na somo la 1976 linatuhusu sana. Kuanzia mvua za Oktoba–Desemba 2020, maeneo makubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia yalipata misimu mitano mfululizo ya mvua pungufu hadi mwisho wa 2022. Baadhi ya misimu hiyo, ukiitazama peke yake, huenda isishike nafasi ya kwanza kwenye jedwali lako. Ukijumlisha miaka miwili ndipo utaona kilichowaua ng'ombe na ngamia.

Orodha ya kukagua kabla hujatangaza matokeo

☐ Nimetaja mahali, miezi na kipindi cha rejea katika sentensi yenyewe ya matokeo.
☐ Nimeondoa alama za takwimu zilizokosekana.
☐ Desemba (au Novemba) imetoka mwaka sahihi.
☐ Nimehesabu kwa mkono angalau majira mawili na majibu yamelingana na jedwali.
☐ Nimeangalia kila mwezi peke yake, si majira kwa jumla tu.
☐ Kwa mvua, nimejumlisha pia vipindi virefu kuliko msimu.
☐ Kituo hakikuhamishwa katikati ya mfululizo. Kama kilihamishwa, nimesema.
☐ Sikusema "katika historia" pale nilipopaswa kusema "tangu mwaka fulani".

Sentensi nzuri ya matokeo inafanana na hii: "Kwa mujibu wa CET, majira ya baridi ya Desemba 2009 hadi Februari 2010 katika Uingereza ya Kati yalikuwa na wastani wa nyuzi 2.4, yaani nyuzi 1.7 chini ya wastani wa 1961–1990, na yalikuwa baridi kuliko yote tangu 1978–79." Ni ndefu kuliko "baridi ya ajabu", lakini mtu yeyote, akiwa Arusha au London, anaweza kuirudia hesabu hiyo na kukukosoa.

Kama takwimu hazipo, zitafute kwenye karatasi

Machi 2020, Uingereza ilipofunga shughuli kwa ajili ya korona, Profesa Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliomba msaada wa umma. Karatasi 66,000 za mvua zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa zimepigwa picha lakini hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Watu wa kawaida karibu 16,000, wakiwa majumbani, walinakili vipimo zaidi ya milioni tano. Kwa kazi hiyo rekodi ya taifa ya mvua ya Uingereza sasa inarudi hadi 1836. Wengi wa waliopima mvua hiyo nao hawakuwa wataalamu. Walikuwa mapadri, walimu, walinzi wa mabwawa na wenye mashamba.

Kwetu pia misheni, shule na mashamba ya chai yamepima mvua kwa miongo mingi. Ukijua mahali penye daftari kama hilo, liombe, lipige picha kila ukurasa kabla mchwa hawajalifikia, na uipelekee ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu nawe. Na ukiwa na kipimamvua chako, kisome kila siku saa 3 asubuhi, uandike hata siku ambayo hakukunyesha. Sifuri iliyoandikwa ni takwimu. Ukurasa mtupu si takwimu.